Krismasi Serengeti: familia ya Mara ipitie lango gani?

MSIMU wa Krismasi una soko lake mkoani Mara. Shule zinafungwa, mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza yanashusha abiria stendi ya Bweri, mbuzi na kuku wa kienyeji wanapanda bei, na wenye magari makubwa wa Musoma na Bunda wanaanza kupigiwa simu. Ndugu waliokaa mbali mwaka mzima wanakutana nyumbani, mmoja anatoa wazo kwamba safari hii waende wakaone Serengeti, na mchango unaanza hapo hapo.

Bidhaa inayonunuliwa kwa mchango huo ni ya namna ya pekee. Samaki wa Mwigobero mnunuzi humgeuza, akamtazama mashavu ndipo akatoa fedha. Safari ya mbugani hulipwa kabla ya kuonwa. Gari likikwama kwenye tope saa nne asubuhi, au ikitokea kwamba nyumbu waliosifiwa wako mbali, hakuna wa kurudisha fedha, na ndugu hawatakutana tena mpaka mwaka unaofuata. Kwa bibi wa miaka 75 mwaka unaofuata ni jambo la kuombea.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza sokoni lisiwe bei. Liwe uhakika: ni wapi ambapo familia ya watu wa umri na nguvu tofauti, katika wiki ya Krismasi, itapata ilichokifuata hata hali ya hewa ikienda mrama?

Wenzetu wa Ulaya wana swali kama hilo kila Desemba, ila lao ni la theluji. Familia inayotaka kwenda kuteleza milimani wakati wa Krismasi hutazama kwanza kimo cha mji, kwa kuwa miji ya chini huweza kukosa theluji kabisa. Mwanzoni mwa Januari 2023 joto lilipanda kupita kawaida, na vituo vingi vya chini katika milima ya Alps vilibaki na majani. Ndiyo maana Val Thorens ya Ufaransa, iliyo mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, au Zermatt ya Uswisi, ambayo magari yake ya kamba hufika mita 3,883, huuza vyumba vyake mapema na kwa bei kubwa. Kisha baba wa familia huuliza kama mteremko wa mtoto anayejifunza uko karibu na ule wa kijana hodari, na kama bibi ana mahali pa kukaa akiwatazama. Bei huja baada ya hayo.

Mara hakuna theluji. Ya Kilimanjaro, kwa anayetamani kuwaonyesha watoto, iko kwenye mita 5,895, na barafu iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya 2 ilipofika 2007. Lakini hesabu ya Wazungu hao inafaa kuazimwa. Mahali pa kimo cha mlima weka udongo na mvua, na mahali pa theluji weka wanyama.

Nyumbu hawako njiani

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba kwa kuwa Serengeti ni jirani, nyumbu nao ni majirani wa mwaka mzima. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na nyumbu wake, wanaokadiriwa kuzidi milioni moja, huizunguka kwa kufuata mvua na majani mabichi. Ukanda wa magharibi, yaani ulimi wa hifadhi unaotoka katikati hadi karibu na Ghuba ya Speke, huwapata kati ya Mei na Julai, wanapovuka mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba makundi makubwa huwa kaskazini, kwenye mto Mara. Mvua za vuli zinapoanza hugeuka kurudi kusini, na ifikapo Krismasi wengi wako, au wako njiani kwenda, kwenye tambarare za majani mafupi za Ndutu, ambako huzaa kwa wingi mwezi Februari.

Maana yake ni kwamba lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma kusini mwa mji wa Bunda, ndilo lililo karibu kuliko yote kwa mkazi wa Musoma, lakini wiki ya Krismasi ndilo lililo mbali kuliko yote na nyumbu. Dalali atakayemwahidi mteja "msafara mkubwa wa nyumbu" kwa siku moja kupitia Ndabaka tarehe 26 Desemba anauza kitu asicho nacho ghalani.

Hata hivyo Ndabaka si bure. Kando ya Grumeti, eneo la Kirawira, wako mamba wakubwa sana na viboko ambao hawahami. Katika msitu wa kingo za mto wako mbega weusi kwa weupe, ambao Seronera mtu hawaoni. Twiga, pundamilia, swala na nyati wakazi hawakosekani. Mgeni anayekuja Juni kupitia lango hilo hupata kitu cha kusimulia miaka mingi. Ubaya wa Desemba ni ardhi.

Udongo mweusi

Ardhi kubwa ya ukanda wa magharibi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakulima wa pamba wa Bunda wanaujua vizuri: jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, mvua ikinyesha unavimba na kushika kama gundi. Njia kuu zilizomwagwa changarawe huvumilia. Njia ndogo za kandokando, ambazo ndizo zinazomfikisha mtu kwa wanyama, hazivumilii. Baada ya mvua ya saa mbili dereva mwenye akili habanduki njia kuu, na familia inabaki kutazama majani marefu kupitia kioo chenye ukungu.

Vuli yenyewe haitabiriki kwa kutazama kalenda. Mwaka 2019 ilinyesha kupita kiasi kuanzia Oktoba hadi Desemba, na 2023 ikawa vivyo hivyo kwa sababu ya El Niño. Mwaka 2016 kinyume chake, mvua zilikuwa haba na sehemu nyingi za nchi zikalia njaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, na taarifa hiyo, ambayo wakulima huisikiliza redioni, ina thamani ile ile kwa mwenye kupanga safari. Mwaka uliotabiriwa mvua za juu ya wastani, Ndabaka ya Krismasi ni bahati nasibu. Mwaka wa mvua chache, inaweza kuwa biashara nzuri, kwani wanyama husogea mtoni kutafuta maji na njia huwa kavu.

Kuna pia mbung'o. Ukanda wa magharibi na mapori ya upande wa Ikoma wanao, na wanaouma hawachagui mtoto wala mzee. Hupenda rangi nyeusi na ya buluu iliyokolea. Fulana za familia zilizochapishwa kwa ajili ya sikukuu, ambazo siku hizi ni desturi, zisishonwe za rangi hizo.

Seronera haina msimu

Mahali panapokaribia kuwa na uhakika wa mwaka mzima ni Seronera, katikati ya hifadhi. Mito yake midogo haikauki upesi, swala na pundamilia wa kudumu wapo, na palipo na nyama ya kudumu simba hawana haja ya kuhama. Chui hulala juu ya migunga na miegea kando ya mto Seronera, na madereva wazoefu wanajua hata matawi. Mvua ya Desemba haiwaondoi wanyama hao, ingawa majani yakirefuka huchelewesha kuwaona.

Kwa familia yenye watu mchanganyiko Seronera ina faida nyingine ambayo haizungumzwi sana sokoni: kuna mahali pa kushuka garini. Kituo cha wageni kina njia fupi ya kutembea kuzunguka mawe makubwa, pimbi wakiota jua hatua chache kutoka kwa watu. Bwawa la viboko la Retima, kaskazini kidogo, ni mahali ambapo wageni hushuka na kuwatazama viboko wengi waliobanana, na harufu yake watoto huikumbuka kuliko simba. Bibi mwenye magoti mabovu, mtoto wa miaka mitatu asiyekaa kitako na kijana anayejifanya hakuna kinachomshangaza, wote watatu wanapata chao pale bila kugawana magari.

Tatizo ni umbali. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni kama kilomita 140, na mwendo unaoruhusiwa ndani ya hifadhi haupiti kilomita 50 kwa saa. Hesabu hiyo ni karibu saa tatu bila kusimama, na hakuna anayekwenda mbugani asisimame. Kutoka Musoma hadi Seronera kwa njia hiyo ni zaidi ya kilomita 200 kwenda peke yake. Kwenda na kurudi siku moja ni kuwalipisha watu ili wapigwe mabonde kutwa, na kuendesha gari ndani ya hifadhi usiku hakuruhusiwi, hivyo anayechelewa hana ujanja.

Njia ya akili zaidi kwa Seronera ni lango la Ikoma. Mtu huacha lami kuu Makutano, akapita Butiama na Nata mpaka Robanda. Anayetoka Bunda huingia barabara hiyo kupitia Nyamuswa. Lami imekuwa ikiwekwa kwa vipande miaka hii, kwa hiyo hali ya sehemu iliyobaki iulizwe wiki ile ile ya safari, na aulizwe dereva wa lori aliyepita jana, si mwenye gari la kukodisha. Kutoka Ikoma hadi Seronera hazifiki kilomita 50. Kwa maneno mengine, saa ambazo kwa Ndabaka zingeliwa na njia, kwa Ikoma zinabaki za kutazama wanyama.

Njia hii ina zawadi nyingine: Butiama iko juu yake. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla hajafariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo, na kaburi lake liko hapo nyumbani, Mwitongo. Kwa wazee wa mkoa huu hiyo si "kivutio" kama vipeperushi vinavyosema, ni kwenda kuhani. Kuna akina bibi ambao wakipewa nafasi ya kuchagua kati ya simba na Mwitongo hawafikiri mara mbili, na mpango mzuri huwaheshimu. Familia inaweza kumwacha bibi na mtu wa kumsindikiza kwa jamaa wa Butiama, iendelee na safari, impitie wakati wa kurudi. Lakini siku ya Krismasi yenyewe isichaguliwe kabla ya kuuliza kama makumbusho yatakuwa wazi.

Hesabu kwenye karatasi

Chukua familia ya watu 8: bibi, baba, mama, shangazi, kijana wa miaka 17, watoto wa miaka 12 na 9, na mdogo wa miaka 3. Ada ya kuingia Serengeti kwa raia wa Afrika Mashariki imekuwa kwa miaka shilingi 10,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kabla ya VAT ya asilimia 18. Aliye chini ya miaka mitano halipi. Kwa viwango hivyo watu wazima watano, maana kijana wa 17 ni mtu mzima langoni, ni shilingi 59,000. Watoto wawili ni 4,720. Jumla 63,720 kwa siku, mbali na ada ya gari. Viwango vithibitishwe TANAPA kabla ya kuondoka. Kitambulisho cha taifa kisisahaulike, na kwa watoto cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mgeni asiye raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa dola na tofauti ni kubwa mno. Anayekuja na mkwe wa kigeni alipigie hesabu mapema kuliko kuja kubishana getini mbele ya wakwe.

Malipo ya langoni si ya noti. Hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ikalipwa benki au kwa simu, hivyo fedha ziwe zimekwisha kuwekwa kwenye simu kabla ya kufika sehemu yenye mtandao wa kusuasua.

Mtu akitazama hesabu hiyo ataona kwamba ada ndiyo ndogo. Kinachokula mchango ni gari na mafuta. Gari linalokwenda kilomita 6 kwa lita moja, kwa safari ya Seronera na kurudi kupitia Ndabaka, litameza lita zisizopungua 75 hata kabla ya kuzunguka. Ndipo wengi hubana kwa kukodi gari dogo la mjini au kujazana watu 8 kwenye gari la watu 6. Ubanaji huo ndio ghali. Gari dogo likikwama udongo mweusi hulipiwa mara ya pili kwa kuvutwa, na mtoto aliyepakatwa saa nane hatazami tena dirishani, anatapika.

Panapofaa kubana ni malazi. Kulala usiku mmoja karibu na lango la Ikoma, nje ya hifadhi, kwenye kambi na nyumba za wageni za kawaida, hupunguza gharama na humpa mtu asubuhi ya mapema, saa ambazo simba bado wanatembea. TANAPA nayo ina nyumba zake za wageni Seronera, ambazo wiki ya Krismasi huwahiwa. Hoteli kubwa za ndani zinalenga wenye dola, ingawa baadhi huwa na bei ya mwananchi kwa anayeiulizia. Asiyeuliza hatajiwi.

Ziwa kwa wasiokwenda

Si kila familia inahitaji mbuga. Iliyo na wazee wawili na vichanga vitatu inaweza kufanya vizuri zaidi kubaki Musoma: upepo wa ziwa, sato wa kuchoma, mawe makubwa ya ufukweni, na Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Mwalimu alianza darasa la kwanza mwaka 1934. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ile nyingine.

Lakini ziwa nalo lina masharti. Maji yake yana kichocho, hasa kwenye matete na maji yaliyotulia, na mamba hawana sikukuu. Watoto waliozoea bahari ya Dar es Salaam hawajui hilo, na wajomba huona aibu kuwakataza mbele ya wageni. Mtumbwi wa kwenda visiwani ukodiwe asubuhi kabla upepo haujaamka, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na chombo kilichojaa kiachwe kiende. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 200 walikufa wakiwa karibu kabisa na gati.

Kuhusu wakati wa kununua, soko la magari hupanda kuanzia wiki ya tatu ya Desemba na kilele chake ni tarehe 26 hadi 30. Anayeweza kwenda kati ya tarehe 18 na 22, kabla wageni wote hawajafika, atapata gari zuri na dereva asiyechoka. Anayesubiri ndugu wa mwisho ashuke Bweri tarehe 24 atapata lililobaki. Nauli za mabasi zina ukomo unaopangwa na LATRA, na abiria anayetozwa zaidi ana haki ya kudai tiketi yenye kiasi alicholipa. Magari ya kukodi hayana ukomo, ni mapatano.

Kwenye mapatano hayo mteja adai mambo yafuatayo yaandikwe hata kama ni kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari: jina la lango, idadi ya siku, nani analipa mafuta, nani analipa ada ya gari, na mvua ikikata barabara itakuwaje. Hilo la mwisho ndilo madereva hawalipendi. Mwenye gari mwaminifu hukubali kuahirisha kwa siku moja au kubadili safari iishie Butiama kwa bei iliyopunguzwa, na malipo ya awali yasizidi nusu. Anayekataa kabisa kuzungumzia mvua mwezi Desemba, mteja amshukuru, aende kwa jirani yake.

Kuhusu Ndutu, ambako nyumbu wenyewe wako: kutoka Ikoma ni mbali mno kwa siku moja, na eneo lake linapakana na Ngorongoro, ambako mamlaka ni nyingine na ada ni nyingine. Familia inayotaka nyumbu hasa itenge siku tatu na mchango mkubwa zaidi. Au ibane fedha hizo mpaka likizo ya Juni, nyumbu wakifika Grumeti na udongo mweusi ukiwa umekauka, na Ndabaka ikawa tena lango la jirani.